Mkanda wa Maalim

Mwisho wa Januari 2004 nilishinda siku tatu nje ya karakana ya fundi wa viti hapa Malindi nikingoja zamu ya gari letu. Nilikuwa makanga wa nisani, matatu ya Malindi kwenda Mombasa, na tajiri alikuwa ameniachia agizo moja: gari lisirudi bila mikanda. Waziri wa uchukuzi wa wakati ule, marehemu John Michuki, alikuwa ametangaza kwamba ikifika tarehe 1 Februari, gari la abiria lisilo na mkanda kila kiti, lisilo na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, lisilo na mstari wa manjano ubavuni, halitoki steji. Wengi wetu tulidhani ni maneno tu. Tarehe ilipofika, magari mengi yalilala Kenya nzima na watu wakaenda kazini kwa miguu.

Fundi wetu alikuwa mshonaji wa makochi. Mikanda ilikuwa adimu na bei yake ilipanda kila asubuhi, kwa hiyo mafundi wengine walikuwa wakishona chochote kinachofanana na mkanda. Yeye hakuwa hivyo. Alinishika mkono, akaniketisha kwenye kiti cha dereva, akauvuta mkanda polepole. Ukamfuata, mlaini kama uzi unaotoka kwenye kibobini. Akaurudisha, kisha akauvuta kwa ghafla. Tak! Ukakwama palepale.

"Huu una akili," akasema. "Ukienda nao taratibu unakuachia, ukishtuka unakushika."

Akainua mwingine aliokuwa ameutoa kwenye gari bovu. Akauvuta ghafla, ukatoka wote mpaka mwisho wake. "Huu ni pambo."

Viti vya nyuma tulifungiwa mikanda ya kiunoni, isiyojikunja yenyewe: ukanda wenyewe, ulimi wa chuma na bizimu. Fundi akaniambia nihakikishe abiria wanaukalisha chini, kwenye mifupa ya nyonga, usipande tumboni kwa sababu tumbo halina mfupa wa kuuzuia. Mama mjamzito aupitishe chini ya mimba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kazi yangu haikuwa kukusanya nauli peke yake.

Malalamiko yalianza siku hiyohiyo gari liliporudi barabarani, na mengi yalikuwa ya haki. Mtu anatoka Shela ya Malindi Ijumaa, kanzu nyeupe imepigwa pasi, anakwenda kuswali kwa nduguze Mombasa. Anashuka na mstari wa taka tumboni. Wanawake waliovaa buibui hawakupenda makanga, kijana wa kiume, ainame juu yao kutafuta bizimu iliyozama kati ya viti. Hili la pili tulilitatua kwa kuziweka bizimu zote juu ya viti kabla abiria hawajapanda. La kwanza lilinipa kazi ya kila Alhamisi jioni: nilifua mikanda yote kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu, nikaiacha ikining'inia madirishani usiku kucha. Makanga wenzangu walinishangaa, lakini abiria hawakunilaumu tena.

Kilichonishinda kilikuwa heshima.

Kwetu Pwani kijana hamwamrishi mzee. Unamwamkia, unampisha, unambebea mzigo. Unawezaje kumwambia mtu wa rika la babu yako, "Funga mkanda"? Hata ukisema kwa upole, maneno yenyewe ni amri. Wiki za mwanzo nilikuwa nikizunguka: "Mzee wangu, samahani, kama hutajali..." na kabla sijamaliza gari limeshapita Msabaha. Ndipo nikagundua sentensi moja iliyoniokoa: "Si mimi mama, ni sheria." Nilipoisema, uso wa mtu ulibadilika. Hakuwa ameamrishwa na mtoto wa mtu mtaani. Wote wawili, mimi na yeye, tulikuwa tumeamrishwa na mwingine asiyekuwepo. Akivuta mkanda, haoni kwamba ameshindwa. Tena baadhi ya wazee ndio waliowakumbusha vijana: "Fungeni jamani, mtamponza huyu mtoto wa watu."

Ndiyo maana nikisikia watu wakibishana kama kufunga mkanda kuwe hiari au lazima, huwa naona wamesahau jambo hili. Wanaongea kana kwamba upande mmoja kuna serikali na upande wa pili kuna mtu huru peke yake. Ndani ya matatu hakuna aliye peke yake. Kuna makanga wa miaka ishirini na mbili na mzee wa miaka sabini, na kama hakuna sheria ya kumsemea yule kijana, atanyamaza. Mimi nilinyamaza.

Mwaka 2006, siku ya Jumapili, tulipakia Mombasa saa kumi jioni. Abiria mmoja alikuwa maalim wangu wa chuoni. Alinisomesha Qurani tangu nina miaka mitano, na mkono wake ulinishikisha kalamu kabla sijaenda shule. Nilipomwona steji nilimbusu mkono, nikamchagulia kiti cha safu ya pili, dirishani, upande wa kivuli. Mkanda wake niliuweka juu ya kiti kama kawaida, msafi. Akaukunja akauweka pembeni.

Nilikohoa. Akanitazama, akatabasamu. "Mwanangu," akasema, "siku ikifika imefika. Ukanda haumzuii Izraili."

Yeye ndiye aliyetufundisha chuoni ile hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali au amwache huru na kutawakali, akajibiwa: mfunge, kisha utawakali. Tuliikariri tukiwa tumeketi kwenye mikeka, watoto thelathini, kwa sauti moja. Ilikuwa mdomoni mwangu jioni ile. Lakini nani anamsomea maalim wake hadithi aliyofundishwa naye? Na ile sentensi yangu ya "si mimi, ni sheria", niliyowaambia mamia ya watu, kwake haikutoka. Niliona ni kumkosea adabu. Nikafunga mlango, nikapiga bodi, tukaondoka.

Pale Mtwapa kulikuwa na kizuizi cha polisi. Nilimwona Maalim akiuchukua mkanda, akaupitisha juu ya mapaja yake, akaufunika kwa mkono wa kanzu. Hakuubana. Trafiki alichungulia, akahesabu vichwa, akatupa ruhusa. Kilifi darajani hivyohivyo. Mkono wake ulikuwa mtulivu kabisa, mkono mzuri wa mzee uliozoea kushika kitabu, umelala juu ya ulimi wa chuma ambao haukuingia popote. Hadi leo nikifumba macho nauona.

Safu ya mbele yake alikaa msichana wa sekondari aliyekuwa akirudi kwao Malindi kutoka kumtembelea shangazi yake Kilifi. Alipanda, akauvuta mkanda wake akaubana mwenyewe bila kuambiwa, akafungua daftari.

Tulishapita Matsangoni, msitu wa Arabuko-Sokoke uko kushoto na jua limeshuka nyuma ya miti, gurudumu la nyuma likapasuka. Dereva wetu hakuwa mwendawazimu wa mwendo. Nadhani tulikuwa kwenye sabini. Gari lilivuta upande mmoja, akalirudisha, likavuta tena, likaacha lami, likaingia mchangani na kugonga mkorosho. Halikupinduka. Kwa macho ya mtu wa nje ilikuwa ajali ndogo. Hakuna aliyekufa.

Waliofunga mikanda walitoka na michubuko ya nyonga na shingo zilizokakamaa. Mimi nilijigonga kichwa kwenye mlango. Maalim aliruka kutoka kiti chake. Mzee mwembamba, sidhani alizidi kilo sitini, lakini alikiangukia kiti cha mbele kikalala, na kichwa na bega lake vikampiga yule msichana kwa nyuma. Msichana alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Maalim alivunjika mkono na kupoteza meno ya mbele.

Nilikaa na yule msichana mchangani hadi gari la kutupeleka hospitali lilipopatikana. Alikuwa akipumua kwa vipande. Aliniuliza swali moja tu: "Lakini mimi si nilifunga?" Nikamwambia ndiyo, ulifunga. Sikuwa na la kuongeza. Mkanda wake ulimshika kama ulivyotengenezwa umshike. Kilichomvunja ni maalim wangu, na aliyemwacha maalim huru ni mimi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mwili ni wangu", nakumbuka pale mchangani. Mwili ni wako mpaka gari lisimame ghafla. Gari linasimama, wewe husimami. Unaendelea na ule mwendo uliokuwa nao mpaka ukutane na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni mtu. Sisi wa huku tunaijua hatari ya kuanguka mnazini. Hakuna kijiji kati ya Gede na Mambrui kisichokuwa na mgema aliyeteleza, akafa au akabaki kitandani. Sasa hesabu ni hii, mwalimu yeyote wa fizikia atakufanyia: kugonga kitu ukiwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita kumi hivi juu, mnazi wa wastani. Ukiwa kilomita 80, mwendo ule ambao sheria yenyewe inaruhusu, ni mita ishirini na tano, na minazi ya urefu huo ni michache. Hakuna mtu ambaye angemwachia mtoto wake juu ya mnazi ajishikilie kwa bahati. Lakini kwenye kiti cha gari twafanya hivyo kwa sababu kiti ni cha sponji na kiko karibu na ardhi.

Baada ya ajali ile nilisoma kila nilichokipata. Nikajua kwamba mkanda tunaouona leo kiti cha mbele, ule unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Msweden, Nils Bohlin, mwaka 1959 akiwa kampuni ya Volvo, na kwamba kampuni iliwaachia watengenezaji wengine wautumie. Ukweli ni kwamba kuwepo kwake hakukutosha. Watu walikuwa nao garini na hawakuufunga, kama Maalim. Jimbo la Victoria kule Australia ndilo lililotangulia kulazimisha kwa sheria, mwaka 1970. Uingereza walibishana miaka na miaka, na sheria ya viti vya mbele ikaanza kutumika tarehe 31 Januari 1983. Kwa hiyo ubishi wa steji ya Malindi si ujinga wa watu wa Malindi. Wenzetu wenye shule na magari kuliko sisi waliubisha uleule. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa abiria hadi asilimia 50. Kwangu mimi nusu hiyo ina sura: ni nisani yetu, nusu ya viti.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona Maalim nyumbani. Alikuwa amelala barazani, mkono umefungwa, mdomo bado umevimba. Nilikaa chini mkekani kama zamani. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa sababu sikumwambia afunge.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa shida kwa sababu ya meno, "Ungeniambia, ningekukemea." Akapumzika. "Lakini ningefunga."

Kisha akaniuliza habari za yule mtoto. Nikamwambia anaendelea. Akaomba apelekwe kwao, na kweli, mkono wake ulipopona, tulikwenda pamoja. Yaliyosemwa mle ndani ni ya watu wa nyumba ile.

Nikarudi kazini na kwa miaka mitano iliyofuata hakuna mtu aliyesafiri nami bila mkanda, awe sharifu, awe diwani, awe mama mkwe. Nilikemewa sana. Walifunga.

Lakini nisiseme kwamba sheria ile ilikuwa kamili, maana niliiona kwa ndani. Chumvi ya bahari hula chuma. Gari linalolala Malindi kila usiku, bizimu zake hazimalizi miaka miwili: chemchemi ya ndani inashika kutu, ulimi unaingia na kutoka kama mguu kwenye kiatu kikubwa. Nilimwambia tajiri wetu mara tatu. Jibu lake lilikuwa lilelile: la muhimu ni trafiki auone mkanda upo. Alikuwa anajua asemalo, kwa sababu kizuizini hakuna aliyewahi kuuvuta mkanda kwa ghafla kama alivyofanya fundi wangu. Walihesabu mikanda kwa macho. Na siku ambazo haikutosha, mambo yalimalizwa kwa kitu kidogo kilichokunjwa ndani ya kiganja, na gari likaendelea na safari likiwa na ubovu wake.

Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinamtoza abiria asiyefunga shilingi 500, na mwenye gari shilingi 1,000 kwa kila kiti kisicho na mkanda. Napenda kwamba mwenye gari katajwa, na kwamba kwake ni zaidi. Lakini mkanda usioshika uhesabiwe kuwa haupo. Hilo ningelipigania kuliko faini ya abiria. Huwezi kumtoza mama wa Marereni mia tano, fedha ya kula siku mbili, kwa kutofunga mkanda ambao hata angeufunga usingemshika.

Na watoto. Hapa sheria na desturi zetu zote zina pengo, na linaniuma. Mama anapanda na mtoto wa miaka mitatu, anamlipia nusu nauli au halipi, anampakata. Wengine, kwa mapenzi, wanapitisha mkanda mmoja juu yao wote wawili. Mkanda ule ukikaza, mtoto yuko kati ya mfupa wa mama na ukanda, na uzito wote wa mama uko nyuma yake. Na akipakatwa bila mkanda, hakuna mikono ya mama yeyote duniani inayoweza kumzuia. Nilikuwa nikiwaomba walipie kiti, wengi hawana, na siwalaumu. Siku nyingine nilimpa mtoto kiti bure na tajiri akanikata. Sijui makanga wangapi wanaweza kufanya hivyo kila siku. Wenye magari wangekubaliana kwamba mtoto apewe kiti na mkanda kwa nusu nauli, mambo yangekuwa mengine.

Mke wangu ni mtu wa Lamu, na kila tukienda kwao tunashuka Mokowe kuchukua boti. Kisiwani hakuna matatu, na wengi huenda kwa miguu au kwa punda, kwa hiyo shemeji zangu husema habari za mikanda haziwahusu. Lakini pale gatini nahodha anagawa majaketi ya kuokolea maisha, na naona mambo yaleyale: mzee anaweka jaketi mapajani, kijana wa boti anamtazama, anatazama bahari, ananyamaza. Safari iliyopita nilimsogelea yule kijana, nikamnong'oneza ile sentensi yangu. Akaijaribu. Mzee akanung'unika kwa Kiamu kizito, akavaa.

Niliacha ukanga mwaka 2011, sasa nina duka la vipuri. Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Mombasa, nikapanda gari asubuhi. Makanga alikuwa mtoto mdogo, ishirini hivi. "Shikamoo mzee. Mkanda mzee wangu, tunatoka." Alisema kwa adabu, bila kuzunguka. Nikaingiza ulimi kwenye bizimu, nikauvuta. Ukatoka. Nikaingiza tena, ukatoka tena.

"Mwanangu, huu haushiki."

Akainama, akaujaribu mwenyewe, akaona kutu. Nyuma watu walikuwa wakipiga kelele kwamba tunachelewa. Akafikiri kidogo, kisha akanipisha kiti chake cha mlangoni, chenye mkanda mzima, yeye akakaa pale pangu. Sikutaka. Akasisitiza. Gari likaondoka.

Mpaka Kilifi nilikuwa nikigeuka kumtazama, amekaa na ule ukanda mapajani, mkono juu yake. Tuliposimama kushusha abiria nikamwomba namba ya simu ya tajiri wake. Alisita, akamtazama dereva, kisha akanitajia tarakimu moja moja, nami nikaziandika nyuma ya tiketi.